"Chanzo chetu ndani ya usalama" ni nani?



Wiki iliyopita ukurasa wa mbele wa gazeti moja ulizunguka kwenye magrupu yetu yote, Bariadi hadi Meatu. Silitaji, maana wakili wangu ni mimi mwenyewe na bado nasoma. Habari ilisema vijana wa upinzani Kanda ya Ziwa wanafundishwa kufanya fujo. Nani kasema? "Chanzo cha uhakika ndani ya vyombo vya usalama." Hakuna kijiji, hakuna tarehe, hakuna hata kijana mmoja aliyepigiwa simu aulizwe. Jioni yake mzee mmoja wa Dutwa, mkulima wa pamba, akamkataza mwanaye kuja kikao cha tawi. Mzee hana kosa. Kasoma gazeti.

Na sisi tukajibu nini? "Mhariri huyo ni kitengo." Jamani, ushahidi uko wapi? Anayedai ndiye anayethibitisha, hilo tunafundishwa mwaka wa kwanza. Ukimwita mwandishi usalama bila ushahidi, umemfanyia kile kile alichokufanyia yeye. Tena umemrahisishia kazi: atakana, yameisha.

Mimi bahasha ya mhariri siijui. Naangalia gazeti linafanya nini pale Usalama wenyewe wanapokuwa ndiyo habari.

Juni 2012, wakati wa mgomo wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka alitekwa, akapigwa vibaya, akaokotwa msitu wa Mabwepande. Mimi nilikuwa shule ya msingi. MwanaHalisi likaandika jina la ofisa wa usalama lililodai alihusika. Unaweza kubisha kama lilikuwa sahihi, lakini liliweka jina, mtu angeweza kujitokeza kulipinga. Mwezi uliofuata serikali ikalifungia kwa Sheria ya Magazeti ya 1976, bila kikomo. Lilikaa nje hadi Mahakama Kuu ilipoliruhusu mwaka 2015.

Kila mhariri nchini aliliona hilo. Halafu ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, gazeti likawa linaishi kwa leseni ya serikali. Tanzania Daima lilinyang'anywa yake Juni 2020, likarudishiwa Februari 2022. Kwa hali hiyo huhitaji kumpandikiza mtu chumba cha habari. Ofisa akipiga simu na "taarifa", inachapwa. Mwananchi akipiga simu kuuliza habari za ofisa, anaambiwa suala ni nyeti.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: Bunge lilipotunga Sheria ya Usalama wa Taifa mwaka 1996, kifungu cha 5 kilisema si kazi ya idara hiyo kumfuatilia mtu kwa sababu tu anashiriki kupinga jambo kwa njia halali. Mwandishi anayeletewa "taarifa" kuhusu vijana wa chama kilichosajiliwa alitakiwa amuulize chanzo wake swali moja tu: mlikuwa mnawafuatilia kwa kosa gani? Hilo ndilo lingekuwa ukurasa wa mbele.

Barua ya kumtaka mhariri aeleze nimeshaandika. Asipojibu, tunaenda Baraza la Habari. Mwenye gazeti lenyewe, siyo picha ya simu, aniletee pale stendi Bariadi kabla ya Ijumaa.