Vijana Wapewe Nyumba, Hotuba Zimetosha

Wazee wetu wa pwani hulalamika kwamba vijana wameikimbia misikiti. Kijana akishakhitimu msahafu chuoni haonekani tena ila Ijumaa na siku ya Maulidi, na hapo kazi yake ni kubeba mikeka na kupakua pilau. Lawama zote humwangukia yeye. Lakini je, sisi watu wazima tumempa nini cha kushika?

Wakisii wa zamani walikuwa na jibu lao. Katika nchi ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, vijana waliokwisha kutahiriwa walikaa pamoja katika kambi za ng'ombe zilizoitwa ebisarate. Humo walilinda mifugo ya jamaa zao, wakala pamoja na kufunzana ushujaa. Umoja wao ulitokana na kazi ya kila siku. Waingereza, walioipiga nchi hiyo mwaka 1905 na tena 1908, waliziona kambi hizo kuwa ni hatari, wakazivunja kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtawala alijua kwamba anayetaka kuidhoofisha kaumu huanza kwa kuwatawanya vijana wake.

Na anayetaka kuifufua kaumu je? Mfano uko ng'ambo ya mpaka, karibu na Mbale nchini Uganda. Huko wanaishi Wayahudi Waafrika waitwao Abayudaya, ambao dini yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin, aliyetawala toka 1971 hadi 1979, alipiga marufuku ibada yao. Wengi waliiacha dini, wakabaki wachache tu.

Waliowainua ni vijana. Katika miaka ya 1980 kikundi chao kilihamia kilima cha Nabugoye, wakaishi pamoja kwa mfano wa vijiji vya ushirika vya Israeli. Walilima, wakasali, wakasoma na kutunga nyimbo za ibada. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi mwaka 2008 baada ya kusoma Marekani, na mwaka 2016 alichaguliwa kuingia Bunge la Uganda. Mwenziwe, J.J. Keki, aliongoza mwaka 2004 kuundwa kwa ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliuza mavuno yao pamoja.

Atatokea mtu aulize: sisi na Mayahudi wapi na wapi? Nasi twamjibu kuwa hao ni Watu wa Kitabu, na hekima haina kabila. Tena Waislamu wa Mbale hawakuona haya kushirikiana nao.

Misikiti yetu mingi ina nyumba za wakfu. Pale sharti la mwenye kuweka wakfu linaporuhusu, nyumba moja itengwe kwa vijana wa mtaa wakae humo, wasome, wapike, walipe taa na maji, na waandike hesabu wenyewe. Wawili wao waingie katika kamati ya msikiti, wasikilizwe kama wanakamati wengine. Wapo watakaosema vijana wataharibu. Labda wataharibu kidogo. Hata fundi wa jahazi alianza kwa kupotoa mbao.

Wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wetu hatukumpa nyundo wala mivukuto, kisha twashangaa kumkuta amekaa barazani.