Safari ya Jangwani Hupimwa kwa Debe la Maji

Juma lililopita alinijia jirani yangu mmoja, mzee wa makamo, akiwa na ujumbe wa kijana wake anayesoma chuo kikuu mjini Adelaide, kusini mwa Australia. Kijana aliomba radhi ya wazazi na fedha kidogo. Yeye na wenzake watatu wamekusudia kukodi gari katika likizo ya Januari, wazunguke siku nne katika miji ya jangwani, kisha warejee masomoni.

Mama mtu alikuwa amekwisha kataa. "Jangwani wanafuata nini?" aliuliza. Baba mtu yeye aliona siku nne si kitu. Mtu huenda matanga akarudi. Basi nyumba ikagawanyika, na mzee akaja kwangu kutafuta mwamuzi.

Nilimwambia kwamba wote wawili wamepima safari kwa kipimo kisichofaa. Safari ya jangwani haipimwi kwa siku wala kwa hofu. Hupimwa kwa maji.

Tuitazame njia yenyewe. Kutoka Adelaide barabara huelekea kaskazini hadi Port Augusta, mwendo wa kilomita 300 hivi. Kutoka hapo hadi Coober Pedy ni kilomita 540 hivi za lami, kupita nyika kame. Kituo cha mwisho katika mwendo huo ni Glendambo. Ukikiacha, utakwenda kilomita 250 hivi kabla ya kupata petroli tena, umbali unaozidi ule wa Dar es Salaam hadi Morogoro. Kando ya barabara lipo eneo la majaribio ya silaha la Woomera, lililoanzishwa mwaka 1947. Haifai kuiacha barabara ili kutalii humo.

Coober Pedy ni mji wa wachimbaji wa opali, kito chenye kumetameta rangi nyingi, kilichogunduliwa hapo mwaka 1915. Watu wake hawafiki elfu mbili, na wengi wao huishi katika nyumba zilizochongwa chini ya ardhi ili kukimbia joto. Mgeni hutahadharishwa asitembee ovyo nje ya mji, maana mashimo ya machimbo yako wazi kila upande.

Hapo lami huachwa. Njia ya udongo ya kilomita 166 huelekea mashariki hadi William Creek, kijiji chenye hoteli moja na wakazi wa kuhesabika. Ng'ombe wa Anna Creek, shamba la mifugo linalosifika kuwa kubwa kuliko yote duniani, hukatiza njia wapendavyo. Kutoka William Creek hadi Marree ni kilomita 200 hivi nyingine za udongo, kupita karibu na ziwa liitwalo Kati Thanda, au Lake Eyre. Sehemu yake ya chini kabisa iko mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi huwa chumvi tupu. Kwa wenyeji, Waarabana, ziwa hilo lina heshima kubwa. Mgeni mwenye adabu hulitazama kutoka ukingoni. Kutoka Marree barabara hurudi kusini hadi Adelaide, kilomita karibu 700. Mzunguko wote unakaribia kilomita 1,900.

Sasa ujiulize, kwa nini njia ya udongo ikapita hapo na si kwingineko? Ilifuata maji. Waarabana na majirani zao walizijua kwa maelfu ya miaka chemchemi zinazobubujika katika nchi ile kavu. John McDouall Stuart, aliyevuka bara lile hadi pwani ya kaskazini mwaka 1862, alizifuata. Ukaja waya wa simu ya maandishi, uliokamilika mwaka 1872, ukazifuata. Reli nayo ilizifuata, ikafika Marree mwaka 1884. Hata wachunga ngamia Waislamu waliotoka Afghanistan na Bara Hindi, ambao misafara yao ilibeba vyakula na sufu, na ambao walijenga msikiti pale Marree, walihesabu mwendo kutoka kisima hadi kisima. Hao wote hawakuanza kwa kuuliza siku ngapi. Walianza kwa kuuliza maji yako wapi.

Dereva wa leo amelisahau swali hilo kwa sababu ana gari. Lakini gari likisimama, jangwa huwa lile lile la zamani.

Mwezi Desemba mwaka 1963, familia moja ya watu watano, baba, mama na vijana wao watatu, iliondoka Marree kuelekea kaskazini kwa njia ya Birdsville. Walipotea, petroli ikawaishia. Waliacha maandishi garini kwamba maji yaliyobaki yalitosha siku mbili tu, kisha wakaondoka kwa miguu. Gari lao lilionekana kwanza. Wao walipatikana baadaye, wote wamekwisha kufa. Tangu hapo kila mtu wa nchi ile humwambia mgeni neno moja: gari likiharibika, usiliache. Gari huonekana kutoka angani na hutoa kivuli; mtu aendaye kwa miguu haonekani, na hana kivuli.

Basi tuirudie Januari. Kwetu ni mwezi wa ada za shule. Kule ni kiini cha kiangazi. Tarehe 2 Januari 1960, huko Oodnadatta, kaskazini ya William Creek, joto lilifika nyuzi 50.7, na hadi leo hakuna kipimo rasmi kilichoizidi nchini humo. Kijana amechagua mwezi ule kwa sababu ana nafasi. Lakini tulifundishwa zamani kwamba kupanga ni kuchagua, na anayechagua kwa kutazama nafasi yake tu hajapanga. Vyuo vya kule vina likizo fupi pia katikati ya mwaka. Julai mchana ni wa kupendeza, ijapokuwa usiku ni baridi kali na blanketi ni lazima.

Nilimwambia mzee asikatae wala asikubali kwanza, bali amwulize mwanawe maswali matano.

La kwanza, maji. Ushauri wa kawaida si chini ya lita 5 kwa mtu kwa siku. Vijana wanne ni lita 20, yaani debe moja kila siku. Waongeze akiba ya siku tatu za kungoja msaada, na wayagawe katika madumu kadhaa, ili moja likipasuka wasipoteze yote.

La pili, gari. Mkataba wa kukodi unaruhusu njia za udongo? Kampuni nyingi zinakataza kwa gari la kawaida, na bima hubatilika. Lina tairi mbili za akiba, jeki na mkanda wa feni? Tangi lijazwe kila penye petroli, hata likiwa nusu.

La tatu, mwendo. Usiku kangaruu na ng'ombe hutanda barabarani, na malori ya kule huvuta matela matatu, urefu wake ukifika mita 53. Asiyeendesha usiku asijibane kumaliza mzunguko ule kwa siku nne. Wafanye sita.

La nne, habari za njia. Mvua kidogo hugeuza udongo ule kuwa ute, serikali hufunga njia, na anayepita njia iliyofungwa hutozwa faini nzito. Waulize kila asubuhi kabla ya kuondoka.

La tano, nani anajua walipo? Simu ya mkononi haishiki mtandao katika sehemu kubwa ya njia ile. Wakodi simu ya setilaiti, na mtu mmoja Adelaide aachiwe ratiba: tutalala wapi, tutafika lini, na tukichelewa saa ngapi upige simu polisi. Madaktari wa ndege wa nchi ile wanaifanya kazi hiyo tangu mwaka 1928, lakini hata wao hawawezi kumfuata mtu ambaye hakuna aliyejua kwamba amepotea.

Mzee aliyaandika yote, akampelekea mwanawe. Kijana alinyamaza siku mbili. Kisha akajibu kwamba gari walilotaka haliruhusiwi njia ya udongo, na kwamba hawakuwa wamefikiri juu ya maji hata kidogo. Walidhani watanunua njiani. Wameahirisha hadi Julai.

Mama naye ameridhia, kwa sharti lake mwenyewe: katika ratiba ile, mtu wa pili wa kuarifiwa awe yeye. Sharti hilo nimeliona ni la haki.