Nauli ya Kutafutia Kazi

Ukisimama asubuhi katika kituo cha mabasi cha Kimironko, karibu na vibanda vya kutoa nakala, utawaona watu wenye bahasha za kaki mikononi. Ndani ya kila bahasha mna nakala ya kitambulisho, vyeti vya masomo, wasifu, na pengine cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai kilichoombwa kwa wakala wa Irembo. Wengine ni vijana waliohitimu jana. Wengine wana mvi, na hao ndio wanaonifanya niandike leo, kwa sababu walikuwa na kazi, wakaipoteza, na sasa wanaanza upya.

Kwa Kinyarwanda mtu wa namna hii huitwa umushomeri. Neno hilo limetoholewa kutoka Kifaransa, chômeur. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno kama hilo bila kuligusa. Huko Ufaransa na Ubelgiji lilikotoka, anayeitwa hivyo, akiwa amechangia bima yake ipasavyo, hulipwa posho huku akitafuta kazi nyingine. Sisi tulilipokea jina, posho ikabaki Ulaya.

Nadai katika makala haya kwamba wakati umefika kwa Rwanda kuongeza fao la kukosa ajira katika mafao ya hifadhi ya jamii, na kwamba fao hilo lifikiriwe kwanza kama fedha ya kutafutia kazi na ya kuhamia kazini. Nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujasema kwamba nchi yetu haina uwezo.

Tuanze na tulichonacho. Mkataba Namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unataja matawi tisa ya hifadhi ya jamii: matibabu, ugonjwa, ukosefu wa ajira, uzee, ajali za kazini, familia, uzazi, ulemavu na kufiwa na mtegemewa. Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, ambayo wengi tunaiita RSSB, inashughulikia sehemu kubwa ya matawi hayo. Pensheni ipo. Fidia ya ajali za kazini ipo. Bima ya afya ipo, ikiwemo Mituweli. Mwaka 2016 ikapatikana sheria ya mafao ya likizo ya uzazi, na mwishoni mwa mwaka 2018 ukazinduliwa mpango wa akiba ya hiari wa Ejo Heza. Lakini aliyepoteza kazi akiwa na miaka 35, mzima wa afya, si mjamzito na hajavunjika mguu kazini, hana dirisha lake pale. Michango aliyoweka itamngoja hadi uzee.

Sheria ya kazi ya mwaka 2018 haikumwacha mtupu kabisa. Inamtaka mwajiri atoe taarifa kabla ya kuvunja mkataba: siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka mmoja, mwezi mmoja kwa aliyezidi hapo. Anayeondolewa kwa sababu za kiuchumi, mabadiliko ya teknolojia au ugonjwa, akiwa ametimiza miezi 12 mfululizo, anastahili malipo ya mwisho. Hayo hayapungui mshahara wa mwezi mmoja ikiwa hajafika miaka 5, mishahara miwili kati ya miaka 5 na 10, na kuendelea hivyo. Kiswahili kina jina zuri kwa malipo ya namna hii: kiinua mgongo. Mtu ameinama miaka mingi, sasa anainuliwa. Lakini mshahara wa mwezi mmoja unauinua mgongo kwa muda gani katika mji ambao kodi ya nyumba hailali? Tena aliyemaliza mkataba wa muda maalumu hayumo katika orodha hiyo, na walimu wengi wa shule binafsi wameajiriwa kwa mikataba ya aina hiyo.

Nina mwenzangu mmoja, mwalimu kama mimi, aliyefundisha katika shule moja binafsi kwa miaka minne. Mwaka ule shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona alikuwa tayari ameonja miezi bila mshahara, akauza baiskeli na simu nzuri. Baadaye akarudi darasani. Kisha shule ikapunguza mikondo, mkataba wake ukaisha, haukuandikwa upya. Akaingia katika kundi la wenye bahasha. Aliniambia kwamba katika wiki ya kwanza alituma maombi kumi, katika wiki ya tano mawili. Nilimdhania mvivu, nakiri. Ndipo akanionyesha daftari alimoandika matumizi: nakala, vocha ya intaneti, nauli ya kwenda Nyarugenge na kurudi, nauli ya kwenda kufanya mtihani wa usaili katika wilaya nyingine, chakula cha njiani. Tangu Serikali ilipoondoa ruzuku ya nauli za mabasi Machi 2024, safari moja tu ya kuvuka jiji humfanya asiye na kipato afikiri mara mbili.

Hapa pana jambo ambalo takwimu hazituonyeshi kwa urahisi. Kwa kipimo kinachotumika kimataifa, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira akiwa hana kazi ya malipo, yuko tayari kuifanya, na amechukua hatua ya kuitafuta katika wiki za karibuni. Angalia sharti la tatu. Anayeishiwa nauli akabaki nyumbani Nyagatovu au Bibare hatafuti tena, kwa hiyo anatoka katika hesabu ya wasio na ajira. Hakupata kazi. Kilichoisha ni nauli. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba posho humfanya mtu azembee. Kwa mtu wa Kimironko, posho ndogo ingeweza kuwa ndiyo inayomwezesha kuendelea kutafuta.

Mwenzangu alipata kazi hatimaye, katika shule ya umma wilayani Rusizi. Tulimpongeza, kisha tukakaa kupiga hesabu. Kutoka Kigali hadi Rusizi ni safari ya saa sita hivi kwa basi, unakatiza msitu wa Nyungwe. Nauli ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko yote. Huko alihitaji chumba, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mbele. Alihitaji kitanda, godoro, jiko, na chakula cha kumfikisha siku mshahara wa kwanza utakapoingia. Huku alikuwa na deni la kodi la miezi miwili ambalo asingeweza kulikimbia kwa sababu familia ilikuwa inabaki. Na familia ilibaki kwa nini? Kwa sababu mkewe ana meza ya nyanya na vitunguu katika soko la Kimironko. Meza ile ina wateja wanaomjua kwa jina, ina watu wanaomkopesha mali asubuhi akalipa jioni. Hayo hayapakiwi kwenye basi. Kumwambia mama yule amfuate mumewe ni kumwambia aache kazi ili mwingine apate kazi, na mwezi wa kwanza wangekuwa wote wawili bila kipato. Watoto nao walikuwa katikati ya muhula.

Ndugu na marafiki tulichanga. Aliondoka Nyabugogo alfajiri na begi moja na godoro lililokunjwa.

Msomaji wangu, jiulize ni wangapi wasiochangiwa. Tunapowaambia vijana kwamba kazi ziko mikoani, waache kung'ang'ania Kigali, tunasema ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kazi ya mbali ina bei ya kuingilia, na bei hiyo hulipwa kabla ya mshahara. Mwenye akiba huilipa. Asiye nayo huikataa kazi, au huikopa kwa riba. Mwalimu aliyeko kazini anaweza kwenda Umwalimu SACCO. Aliyepoteza kazi hana mshahara wa kuuwekea rehani.

Sasa tutazame kwa jirani. Tanzania, kwa mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, iliweka fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa kazi bila yeye mwenyewe kujiuzulu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyekuwa akipokea shilingi 600,000 atapata 200,000 kwa mwezi, jumla 1,200,000. Si fedha ya kutajirisha mtu, lakini ni nusu mwaka ambao hakuna mtoto anayelala njaa kwa sababu baba anasubiri majibu ya usaili.

Nisikufiche kwamba fao hilo liliwaudhi wengi. Kabla yake mfanyakazi aliyeacha kazi aliweza kudai michango yake kwa njia ya fao la kujitoa, na wengi waliitegemea fedha ile kununulia kiwanja au kuanzishia biashara. Walipoambiwa watapewa theluthi ya mshahara badala ya donge lao, walilalamika kwamba fedha ni yao. Naielewa hasira hiyo. Hata hivyo anayechukua michango yote akiwa na miaka 35 huufikia uzee mikono mitupu. Uganda ilichagua njia nyingine mwaka 2022: mwanachama wa mfuko wa taifa aliyefika miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 anaruhusiwa kuchukua asilimia 20. Hiyo nayo haimsaidii kijana wa miaka 30 aliyefukuzwa jana. Kati ya hizo mbili naona ya Tanzania iko karibu zaidi na haja yetu, kwa sharti moja: anayepata kazi katika wilaya nyingine apewe miezi iliyobaki kwa mkupuo, ili alipe kodi na kusafirisha vyombo. Akilipwa kidogo kidogo wakati mwenye nyumba anataka miezi mitatu, fao litakuwa limefika baada ya kazi kuondoka.

Utaniuliza fedha itoke wapi. Swali ni la haki, hasa kwa kuwa tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri, na kila mmoja wetu ameliona pengo hilo katika malipo yake. Sitasema kwamba bima ya ajira ni ya bure. Ila tukumbuke likizo ya uzazi: mchango wake ni asilimia 0.6, nusu kwa nusu. Kwa mshahara wa faranga 150,000 ni faranga 450 kwa mfanyakazi na 450 kwa mwajiri. Kabla ya hapo mzigo wa nusu ya pili ya likizo ulimwangukia zaidi mama mwenyewe. Ulipogawanywa kwa wote ukabebeka. Bima ya ajira itagharimu zaidi ya hiyo, na wataalamu wa hesabu za bima ndio wa kutuambia ni kiasi gani. Mimi nataka tu waulizwe.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la kijana anayebeba magunia sokoni. Yeye hana mkataba, hachangii RSSB, na fao hili halitamgusa. Ni kweli, na sina jibu la kumridhisha. Ninachoweza kusema ni kwamba Mituweli nayo haikuanza ikiwa imemfikia kila mtu, na kwamba fundi au dereva wa pikipiki aliyekwisha kujiunga na Ejo Heza ana namba na kumbukumbu ambazo miaka kumi iliyopita hakuwa nazo.

Kuna pia wanaovuka mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na sisi walimu wa Kiswahili tunajua milango iliyofunguka. Lakini pensheni ya kila mwezi huku inataka michango ya miaka 15, na Tanzania inataka miezi 180, ambayo ni miaka ileile. Aliyefanya kazi miaka minane Kigali na minane Mwanza ana miaka 16 ya jasho, na pasipo kuunganishwa kwa hesabu hizo mbili hatoshi upande wowote.

Mpaka hapo fao litakapokuja, chukua kilicho chako. Ukiachishwa kazi, dai barua inayoeleza sababu, kwa maana sababu ndiyo inayoamua kama kiinua mgongo kipo. Dai cheti cha utumishi. Hakikisha RSSB kwamba michango iliyokatwa katika mshahara wako ilifika kweli. Lipia Mituweli mapema, kwani bima ya afya ya mwajiri huondoka pamoja na kazi. Kituo cha Huduma za Ajira cha Kigali hakitozi ada. Na mwajiri akikataa kukupa unachostahili, mkaguzi wa kazi yupo katika ofisi ya Wilaya ya Gasabo. Nenda na mkataba wako, hati za mshahara na bahasha ile ile ya kaki.