Mikumi Si Dirisha la Basi

Uliza darasa lolote hapa chuoni nani ameshaiona Mikumi. Mikono itanyanyuka kibao. Halafu uliza swali la pili: nani ameingia getini? Utabaki na mikono miwili mitatu, na mmoja wao atakuwa amepelekwa na mjomba wake.

Sababu inajulikana. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi kwa takribani kilomita 50. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumepita pale kila likizo. Pundamilia watatu, nyani wamekaa pembeni ya lami, picha ya simu iliyotikisika, basi limeshapita. Tukifika nyumbani tunasema Mikumi tunaijua.

Hoja yangu ni kwamba hatuijui. Na kwa sisi tunaosomea ualimu, hilo si suala la kukosa starehe tu. Ni pengo katika kazi tunayojiandaa kuifanya.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani Kilosa, wilaya ambayo mji wa Mikumi wenyewe umo ndani yake. Nilipewa jiografia kidato cha pili, na mada ilikuwa utalii. Nikauliza nani ameshatembelea hifadhi. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60, na hakuna mkono hata mmoja. Kijana wa nyuma akasema, "Ticha, sisi tembo ndiyo anatutembelea." Wenzake wakacheka, lakini walikuwa wanajua anachosema. Kwa familia za wakulima zinazopakana na hifadhi, tembo ni yule anayekuja usiku kumaliza mahindi. Hifadhi kwao ni jirani asiyekaribisha mtu ndani.

Sasa mwalimu mgeni anasimama mbele ya watoto hao na kuwaambia utalii unaingiza fedha za kigeni, wanyamapori ni urithi wetu, andikeni faida tano. Wataziandika, na mtihani watafaulu. Lakini hawataamini, na mwalimu mwenyewe hana la kuongeza, maana alichoona ni kile kilichopita dirishani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika 2024, unataka mwanafunzi apate umahiri, siyo kukariri. Umahiri huo atautoa wapi kwa mwalimu aliyekariri?

Cha kuona kipo, tena kingi. Mikumi ilianzishwa 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Ukiingia alfajiri upande wa mbuga ya Mkata unakuta nyati, twiga, nyumbu na pofu, na ukiwa na bahati simba. Kuna bwawa la viboko. Mashariki unaiona milima ya Uluguru, magharibi ya Rubeho, na hapo mwalimu wa jiografia ana kipindi kizima: hii ni milima ya Tao la Mashariki, ya miamba ya kale sana, haikujengwa na volkano kama Kilimanjaro. Ukisogea kusini mpaka Udzungwa, maporomoko ya Sanje yanashuka karibu mita 170, na msituni wamo nyani wasiopatikana kwingine duniani. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaweza kuitambua Santorini, kisiwa cha volkano cha Ugiriki, kwa picha moja tu ya nyumba nyeupe na bahari. Tuonyeshwe Mkata, tutauliza ni wapi.

Najua jibu litakalokuja: hela. Ni kweli. Bumu lenyewe linakata kabla ya mwezi, mtu anahesabu chipsi atakula au atatoa kopi. Ndiyo maana sisemi kila mtu ajipange kivyake. Nasema twende pamoja. Raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na dola anazolipa mgeni. Kinachoumiza ni usafiri, na usafiri ukigawanywa kwa watu 25 ndani ya Kosta unabebeka.

Tena njia imerahisishwa. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa. Tushukie pale, tuangalie mahandaki ya reli, tusimame kando ya Mto Mkondoa na kuzungumzia mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyowaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuharibu reli ya kati. Mada ya majanga haihitaji picha ya Asia wakati mfano uko hapa. Kisha Kosta mpaka Mikumi mjini, kulala gesti za kawaida, na alfajiri tuko getini. Siku mbili zinatosha.

Kila mwaka serikali ya wanafunzi inatenga fungu la usiku wa kuwakaribisha wa mwaka wa kwanza: muziki, jukwaa, fulana. Sisemi lifutwe, na mimi hucheza. Nasema sehemu ya fungu hilo iende kwenye safari moja ya Kilosa na Mikumi kila mwaka, wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wapewe kipaumbele, na wakirudi kila mmoja awasilishe andalio moja la somo lililotokana na alichokiona. Hapo hata mkaguzi wa hesabu atajua fedha imekwenda wapi.

Na kila Kosta iache viti vitano kwa wanafunzi wa sekondari za Kilosa. Ndio watakaoishi na wale tembo baada ya sisi kupangiwa Tabora au Mtwara. Wakiingia getini angalau mara moja kama wageni, mmoja wao anaweza kuwa mwongoza watalii, mwingine askari wa hifadhi, mwingine dereva anayepunguza mwendo akifika pale. Mkutano wa bajeti unakuja muhula huu. Darasa letu litalipeleka ombi hili kwa maandishi, na ninyi wa vitivo vingine mnakaribishwa kusaini.