Kupanda Tembo si Kumpenda

Wako wasafiri wanaorudi toka Thailand na picha: wamekaa juu ya mgongo wa tembo, wanacheka. Wanasema: «Ni makimbilio, tembo wanatunzwa vizuri.»

Sisi twakataa! Watu wa Kongo twaijua kazi hiyo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1900, kule Api na baadaye Gangala na Bodio, tembo walifundishwa kulima na kuvuta magari. Wengi walisifu, hata sisi Wakristu. Lakini walikamatwa wangali watoto, wakafungwa kamba, wakatengwa na mama zao.

Kwenye makimbilio ya kweli hakuna kiti mgongoni. Mgeni anasimama mbali, anatazama tu. Basi uliza kwanza: tembo huyu alitoka wapi? Mwenyeji akikasirika, rudisha pesa yako mfukoni.