MKONO USIOPANDA SI UVIVU



Mwezi uliopita mwenzetu wa genge la njia aliambiwa na msimamizi, mbele ya watu, kwamba anajifanya mgonjwa. Kosa lake? Alishindwa kuinua sururu juu ya kichwa. Alipewa vidonge vya maumivu, akarudishwa kwenye mataruma, na mshahara wa siku tatu ukakatwa. Na sisi tulisimama kimya. Hiyo ni aibu yetu, tuiseme.

Bwana msimamizi, huo si uvivu. Ni bega lililoganda. Ngozi ya ndani inayofunika kiungo cha bega huvimba, ikawa nene na kukaza. Kwanza huja maumivu, mabaya zaidi usiku, mtu hawezi kulalia upande ule. Kisha bega huwa gumu: mkono haufiki mfuko wa nyuma wa suruali, na shati huvaliwa kwa kusaidiwa. Baadaye maumivu hupungua lakini ugumu hubaki, na hapo ndipo wakubwa husema, "Umepona, kamata koleo." Hajapona! Jambo lote laweza kuchukua mwaka mmoja hata mitatu.

Kulitambua hakuhitaji makelele. Mtu abane kiwiko ubavuni, kisha mwingine augeuze mkono wake kwa nje, taratibu. Bega lililoganda hukwama hata likigeuzwa na mwingine. Aliyekatika kano ni tofauti: yeye hawezi kuinua, lakini ukimwinulia mkono hupanda. Daktari ndiye wa kuamua, si msimamizi.

Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wenye kisukari, na pia aliyeumia akafungwa mkono muda mrefu. Basi na sisi tuache kumvuta mwenzetu bega kwa nguvu eti tunalinyoosha. Tumeona watu wakilia.

Ukianguka au kupigwa bega kazini, mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Kwa Sheria ya fidia ya mwaka 2007, yeye ana siku 7 za kupeleka habari serikalini, na dai lako lina miezi 12 tangu ajali. Bega laweza kuganda polepole, miezi haikungoji.

Tunataka mwenzetu arudishiwe siku zake tatu na apewe kazi nyepesi kwa mshahara ule ule. Barua inakwenda Jumatatu. Mwenye bega kama hilo amwone katibu wa tawi kabla ya siku hiyo.