Kutoka Mombasa hadi Nakuru kwa baiskeli: Chunga mteremko

Shule zinapokaribia kufungwa, hapa Nakuru hakosi kijana aliyekwisha kumweleza mamake kwamba yeye na wenzake watapanda basi hadi Mombasa, kisha warudi nyumbani kwa baiskeli. Mama naye kasema, "Hutoki hapa!" Kijana amenuna. Kabla hamjagombana zaidi, hebu tuipime safari yenyewe.

Ni zaidi ya kilomita 600. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa siku, hizo ni kama siku nane. Unaanzia usawa wa bahari, unapita Mazeras na Mariakani nguo zikiwa zimelowa jasho, halafu nyika ya Taru inakupokea kwa jua na upepo. Chupa moja ya maji haitoshi. Beba lita tano, utie sukari na chumvi kidogo, kwa sababu jasho hutoka na chumvi ya mwili. Kati ya Voi na Mtito Andei, mbuga ya Tsavo iko pande zote mbili za barabara, na ndovu hana habari na likizo yako. Pita mchana. Jua likitua uwe umekwisha kupata chumba.

Vijana wengi huogopa milima iliyo mbele. Mimi nasema mlima hauna neno. Ukichoka unashuka, unasukuma, na hakuna wa kukucheka ila makanga wa matatu.

Hatari iko kwenye mteremko. Ukishapita Limuru, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, barabara ya Mai Mahiu huporomoka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Baiskeli yenye mizigo hushika kasi ya kutisha bila wewe kukanyaga pedali. Ukibana breki mfululizo, kasi ile hugeuka joto: mipira ya breki huacha kushika, na chuma cha gurudumu hupata moto hata tyubu ikapasuka. Bana, achilia, bana tena, kwa breki zote mbili. Punguza mwendo kabla ya kufika konani, si ukiwa katikati yake. Na ukumbuke kwamba lori lililo nyuma yako lina taabu hiyo hiyo ya breki.

Ukifika chini utaona kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Simama hapo, usogeze mkono karibu na gurudumu. Ukihisi joto kama la jiko, umeshuka vibaya.

Usidhani ni mambo ya wanagenzi tu. Suleiman Kangangi, mwendeshaji hodari aliyekulia Eldoret, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa kwenye kasi katika mashindano huko Vermont, Marekani. Na anayetaka kupitiliza Nakuru hadi Eldoret aulize kwanza habari za Salgaa. Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana karibu na hapo, Migaa, na watu 36 wakafa.

Hata hivyo mama, usimfungie kijana baiskeli stoo. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alifunzwa akiwa kijana na David Kinjah, karibu na Kikuyu. Alianzia nyumbani. Basi na hawa waanzie nyumbani: Jumamosi hii waende Gilgil na kurudi, karibu kilomita 80, wakikaa kando kabisa ya lami. Jumamosi nyingine waende Hell's Gate, Naivasha, mbuga ambayo wageni huruhusiwa kuzunguka kwa baiskeli. Wabebe pampu, viraka na spana, na kila mmoja ajue kuziba pancha mwenyewe.

Wakirudi Gilgil kabla ya giza, wote wazima, hapo mazungumzo ya Mombasa yanaweza kufunguliwa upya. Lakini helmeti zinunuliwe kwanza. Hilo halina mjadala.